Mzima Namba Moja

Hyderabad, Jumapili

Akka, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kama hujaketi, keti. Bava, shemeji yangu, hajambo? Nyati wako ameshazaa? Mimi ni mzima, au ndivyo nilivyoandikwa, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Sikupiga simu kwa sababu simu yako huisikiliza nyumba nzima, na jirani akipenda.

Achari ya pilipili ilifika. Daktari Vasundhara aliila na wali mpaka machozi yakamtoka, akasema watu wa kwetu wanastahili kushtakiwa. Unamjua kwa masimulizi yangu. Alianza kwa kupasua bongo za panya akitafuta kumbukumbu inakaa wapi, wenzake wakamwita Mama Panya. Kisha mumewe akafa kwa uvimbe wa kichwani, naye akageukia vinasaba vya saratani ya ubongo. Mimi niliajiriwa kufagia. Sasa natunza majokofu ya damu, na kwa kuchungulia mabegani mwa watu nimejifunza kusoma chati ambazo wenye digrii huzisoma kwa kukunja uso.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Vinasaba vya mgonjwa hulinganishwa na vya watu wasio na ugonjwa, yaani wazima. Kinachoonekana pia kwa mzima, hata mmoja, huhesabiwa hakina madhara, kinafutwa. Kinachobaki ndicho mshukiwa. Mwanzoni hatukuwa na wazima wa kutosha, ikabidi sisi wa maabara tutoe damu yetu. Kichupa cha kwanza ni changu, kimeandikwa Mzima Namba Moja. Vijana huniita hivyo mpaka leo, wakiuliza Mzee Mzima chai iko wapi, nami huwajibu kwamba Namba Moja hapiki chai. Kisha naipika.

Mwezi uliopita walikuja ndugu watatu wa tumbo moja, kutoka upande wetu wa Guntur, wote wana uvimbe kichwani. Kompyuta ikasema hakuna cha kurithi. Daktari akasema hata mbuzi asingekubali hilo. Akaanza kuwaondoa wazima kwenye hesabu, mmoja mmoja, kila mara akirudia upya. Nilikuwa nafuta meza nyuma yake. Aliponiondoa mimi, kosa la kinasaba likajitokeza kwa wote watatu, mahali palepale.

Kwa miaka kumi na tisa Daktari hajawahi kuketi katika chumba changu cha majokofu. Siku hiyo alikuja akaketi juu ya ndoo. Akaniuliza, polepole, baba yangu alikufa kwa nini. Nikajibu kama tunavyojibu sote nyumbani: jua la shamba la pilipili. Na baba mdogo je? Jua. Akauliza ni jua gani hilo linalochagua ukoo.

Kuna familia arobaini na moja ambazo aliwahi kuziandikia kwamba watoto wao hawana cha kuogopa. Sasa anaziandikia tena, moja moja, kwa mkono wake, na anayafuta machapisho yaliyompa jina. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

Akka, siku ile ya kutoa damu kulikuwa na fomu. Iliuliza kama kuna maradhi katika ukoo. Mimi ndiye niliyemshika baba kichwa alipokuwa akitapika asubuhi na kukigonga ukutani, nilijua lile si jua. Lakini nilikuwa kibarua, niliogopa kwamba mwenye damu mbaya hataajiriwa. Nikaandika: hakuna.

Barua yako ya mwisho inasema mwanao Lavanya huamka kichwa kikimuuma, anatapika, na Bava amemnunulia miwani. Unasema pia upande wa bwana harusi wake wameuliza kama kuna maradhi katika ukoo, nawe umewajibu hakuna. Neno hilo ni langu, Akka. Nalijua lifanyavyo kazi.

Mlete kwa treni ya Alhamisi. Daktari ametupatia nafasi ya picha ya kichwa Ijumaa, Lavanya kwanza, mimi baada yake, na wewe utatoa damu. Msingoje harusi. Wakwe wakikasirika, waambie bibi harusi ana mjomba mwongo; hilo halihitaji kupimwa.

Mguse mama miguu kwa niaba yangu, na usimsomee barua hii. Jana nilibandua karatasi kwenye kichupa changu. Mpya sijaiandika, na kando ya kichupa nimeacha nafasi mbili, yako na ya Lavanya.

Ni mimi mdogo wako,
Yadagiri