Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mandewa, Singida
9 Mei 1998

Kwako wifi yangu Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mitundu, na kwamba mguu uliokuwa ukikusumbua, kama alivyonieleza jirani yako Felista, umepata nafuu. Mtama wako je, umeokoka na mvua hizi za Elnino? Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi silali vizuri. Sijakuandikia kwa miaka ishirini na saba, na bila shaka unajiuliza kwa nini leo.

Nianze na habari njema. Mwanangu Peniel amepata mtoto wa kike. Mkewe, Belinda, alijifungulia Kiomboi, karibu na kwao, kabla ya miezi kutimia. Mtoto ni mdogo mno na kifua chake bado hakijakomaa, lakini ananyonya. Ilipangwa waletwe hapa Jumamosi, nami niliahidi kuwaandalia chumba cha nyuma. Unakikumbuka.

Mvua zilipokatika nilikwenda kukifungua. Kwa miaka mingi tumeweka humo magunia ya alizeti na makorokoro. Kabla sijamaliza kusukuma mlango, harufu ilinipokea. Niliposogeza gunia la mwisho nikaiona kuvu, nyeusi kama masizi yaliyoota nywele, imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, katika kona ileile. Nilikaa juu ya gunia. Nilisikia kikohozi cha mtoto, wifi. Chumbani hapakuwa na mtu.

Peniel aliponikuta pale alicheka. Alisema siku hizi maduka yamejaa rangi za kila namna, si kama enzi zetu tulipopanga foleni hata ya sabuni, na kwamba makopo mawili ya rangi nyeupe yatamaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Akanitania kwamba mwalimu aliyetetemesha shule nzima sasa anatetemeshwa na doa. Nilimkatalia kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Nilimwita Ignas, bwana afya, niliyemfundisha darasa la tatu. Alisema rangi huifunika kuvu tu. Chini yake inaendelea kuota, na vumbi lake humwingia mtoto mchanga kifuani. Akatutaka kwanza tutafute maji yanakotoka. Tukakuta bati limetoboka, na nje udongo umerundikana ukutani kupita msingi. Peniel aliziba bati na kuuondoa udongo. Kisha tulijifunga vitambaa puani na mdomoni, tukavaa glavu, tukafungua dirisha, tukalowesha ukuta ili vumbi lisiruke, ndipo tukasugua kwa maji ya sabuni. Godoro la zamani tulilitupa. Plasta iliyooza tuliibandua. Ignas alisisitiza kwamba mtoto asiletwe mpaka ukuta ukauke kabisa, hata kama itachukua mwezi. Kwa hiyo Belinda yuko bado kwao.

Chini ya plasta, iliyopigwa miaka ya baadaye, tulikuta tabaka la chokaa, na chini ya chokaa, weusi. Peniel akauliza ni nani aliyepaka chokaa juu ya uchafu ule.

Ni mimi. Mwaka 1971, siku chache kabla ya kujifungua Yunisi wangu, niliiona kuvu hiyo. Wewe ulisimama mlangoni ukaniambia chumba kinanuka, mtoto asilazwe humo, nije nikae kwako. Nilidhani unanidharau, mimi mwalimu mwenye nyumba ya bati. Nikapaka chokaa, na wageni wakasifu weupe wake. Yunisi alikohoa wiki tano, akafa. Wazee walipouliza kama kuna mtu aliyetamka neno juu ya chumba kile, nilikutaja. Sikusema kwamba ulinionya. Nilisema ulikikataa chumba kabla mtoto hajazaliwa, nikanyamaza, wakamalizia wenyewe. Walikupiga marufuku kumpakata mtoto yeyote wa ukoo huu, ukaondoka. Kaka yako Antipasi alikufa akiamini kwamba dada yake alimuua mwanawe. Nilikuwa nimemshika mkono, na sikumwambia.

Sijui kama ni kuvu pekee iliyomwondoa Yunisi. Ignas naye hakuweza kunihakikishia. Ninachojua ni kwamba si wewe, na nilijua siku ileile.

Nilimjibu Peniel hivyo hivyo. Kisha nikaenda kwa wazee wawili waliobaki, nikawaambia mbele ya watu. Mmoja alilia. Mwingine aliniuliza kwa nini sikufa na siri hiyo. Marufuku imeondolewa. Peniel hajasema nami tangu juzi. Huja, hugusa ukuta kwa kiganja, huondoka.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nakufikishia tu maneno ya Belinda, ambaye ameambiwa yote. Ameapa kwamba hata ukuta ukikauka, mwanawe hataingia chumba kile mpaka wewe usimame mlangoni na useme hakinuki.

Nisalimie Felista na majirani wote waliokupokea.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Damari