Hakukuwa na Kitambaa Tumboni

Nakivale, Uganda

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Byamungu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulinda kila mmoja kwenye fasi yake, mahali alipo. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mihogo imepona na mvua hizi? Huku mahindi yalikauka kabla ya kuzaa, lakini watoto wanakula. Barua hii nampa mama mmoja wa Uvira ninayeuza naye ndagala, wale samaki wadogo wakavu, sokoni, anarudi nyumbani wiki hii. Nimepiga simu mara mingi, na kila mara Mama ananiambia hauko. Sikulaumu.

Yaya, nilipasuliwa tena. Mwezi uliopita tumbo lilinikamata kama zamani, linabana, linaachia, linabana, ila safari hii lilivimba na nikatapika maji ya kijani. Baba Rehema alitafuta gari, tukapita Kaberebere nikiwa nimelala mapajani pake, mpaka hospitali huko Mbarara. Daktari alikuwa mwanamke wa hapa, mpole. Aliliona kovu langu akauliza limetoka wapi. Nikamwambia kama nilivyowaambia watu wote: kaka yangu ni muuguzi, alinitoa kidole tumbo wakati wa vita, akasahau kitambaa ndani.

Nilipoamka, mpira ukiwa puani, neno langu la kwanza lilikuwa hilohilo.

"Kitambaa iko wapi?"

"Hakuna kitambaa, mama. Nimeangalia kote."

"Mumekitupa?"

"Hakuna. Ni mwili yako ilijifunga yenyewe."

Akakaa ukingoni mwa kitanda akanieleza polepole. Alisema tumbo likiumia, kwa kisu au kwa usaha, nyama zilizoumia hutuma wajumbe wadogo sana, kemikali zisizoonekana kwa macho, kuita askari wa mwili. Askari wakifika, fasi ile inawaka moto, inavimba, na kitu kama gundi kinamwagika kuziba kidonda. Kwa wengine gundi ile huyeyuka baada ya siku chache. Kwa wengine wajumbe hawanyamazi; wanaita tu, na gundi inakuwa kovu, kamba ngumu zinazoshikanisha utumbo na utumbo. Kamba moja ndiyo iliyoninyonga. Wewe mwenyewe uliona kidole tumbo changu kilikuwa kimeshapasuka kabla hujanigusa, kwa hiyo moto ulikuwa ndani tayari.

Nikamuuliza, "Sasa yule muuguzi alikosea wapi?"

"Yeye angechelewa, wewe ungekufa. Hata mimi nimekukata sasa. Inaweza kujifunga tena. Utasema na mimi nimesahau kitambaa?"

Nikageukia ukuta.

Yaya, daktari wetu alikuwa amekimbia, risasi zinalia mlimani, na wewe ulikuwa na wembe, sabuni na maji ya moto. Mama alikushikia beseni. Siku ile Baba mdogo alipoita wazee wakuhukumu kwa maumivu yangu, Mama alisimama akasema ulihesabu vitambaa mbele yake, vikatoka vyote. Wakasema anamfichia mtoto wake. Nilikuwa nimekaa pale. Ningesema sijui, wangekuachia. Nilisema, "Nakisikia kinatembea." Maumivu yalikuwa ya kweli, lakini kitambaa nilikitoa kwenye maneno ya majirani. Ukatolewa disipansari, ukaenda kufyatua matofali.

Nilipotoka hospitali nilimpigia Baba mdogo. Akasema, "Hayo yalishapita, mwanangu. Byamungu alishazoea matofali." Neno hilo liliniuma kuliko mshono. Nikamwambia hapana, waite wazee walewale, pale pale, waweke simu katikati. Nikawaeleza yote. Kisha mmoja akauliza kama wewe, Yaya, unaweza kumwangalia mjukuu wake mwenye jipu pajani.

Mama aliniambia yaliyofuata. Kwamba uliacha tope, ukanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ukaenda, ukakamua jipu lile, ukarudi kwenye matofali yako. Nikamuuliza umesema nini juu yangu. "Hakusema kitu," akanijibu. Yaya, afadhali ungenitukana.

Siwezi kukurudishia miaka uliyokaa kwenye tope. Sikuombi uje kwenye simu. Nilitaka tu uyasome haya kwa mkono wangu mwenyewe, maana uongo ule niliusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Na tumbo likinibana tena, nitajua ni mwili wangu. Sitamtafuta mtu wa kumbebesha.

Nisalimie Mama, umwambie alisema kweli na sisi tulikataa kusikia. Nisalimie wifi yangu, mke wako, aliyeacha kunisemesha, na ana haki. Mwambie Baba mdogo nimemshukuru kwa kuwaita wazee. Baba Rehema na watoto wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako, uliyempasua ili aishi,

Furaha