Mchemraba wa Rangi, Nikiwa na Miaka Hamsini na Mmoja

Jumamosi, Galbet. Joto lilianza kabla ya saa nne na upepo umekataa kabisa kuja. Hali yangu si nzuri, si mbaya. Nimeuza beseni sita na ndoo mbili tangu asubuhi, sasa dukani hakuna mtu, kwa hiyo naandika.

Jana nilishinda dau. Nilidhani leo ningeamka na furaha.

Nianze mwanzo. Mjukuu wangu Ifrah ana miaka minane. Mwaka huu alishikwa na ule mchemraba wa rangi, ule unaozungushwa mpaka kila upande uwe na rangi moja. Alijifunza kwa siku tisa, kwa kutazama video kwenye simu ya mama yake. Siku hizi anaumaliza kwa dakika moja na sekunde kumi na mbili, tena huku anatafuna. Aliponunuliwa mpya, wa zamani akaniachia mimi dukani.

Kujifunza ukiwa na miaka minane si sawa na kujifunza ukiwa na hamsini na mmoja. Ifrah hakuuliza chochote, vidole vilifuata tu. Mimi kila hatua nilitaka kujua kwa nini. Kwa nini kulia kwanza? Kwa nini mara mbili? Yeye ananijibu, "Ayeeyo, zungusha tu!" Bibi yake mzima, naamrishwa kama mtoto wa chekechea.

Lakini nilipenda. Mtu wa biashara anapenda kitu ambacho kina jibu.

Ijumaa tatu zilizopita kaka yangu Abdi alikuja kula chakula cha mchana, kama kawaida yake baada ya sala. Abdi ana miaka hamsini na tano, amestaafu ualimu. Alinikuta na mchemraba mkononi. Nyumbani tunasema Kisomali, ila Abdi akitaka kunidharau hugeukia Kiswahili chake cha darasani.

"Dada, kifaa hicho kinahitaji mtu aliyesoma. Wewe tuuzie ndoo."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba sikupenda.

Mimi nilitolewa shule darasa la sita nikachunge mbuzi. Abdi akaendelea. Nilikuwa wa pili darasani, yeye kwenye darasa lake alikuwa wa ishirini na kitu. Nilianza na dumu moja la maziwa pale sokoni, leo duka lina milango miwili na sikusaidiwa na mtu. Ni miaka thelathini na tisa sasa na sijaacha kuisema habari hiyo. Najua watu wamechoka kuisikia. Mimi mwenyewe nimechoka kuisema, ila haijawahi kujibiwa.

Basi nikamwambia, "Nipe Ijumaa tatu. Nitaumaliza mbele yako."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, mambo ya shule sitayataja tena mpaka nife. Nikishinda, utasema mbele ya Hooyo kwamba ile nafasi ilikuwa yangu."

Hooyo ni mama yetu. Abdi alikubali haraka mno. Hapo ndipo nilipojua jinsi anavyotamani ninyamaze.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Upande mweupe nikaumaliza, na safu ya katikati nikaanza kuielewa. Siku moja nikauacha mchemraba juu ya meza, mahali jua linapoingia mchana. Duka ni la mabati. Niliporudi kutoka kuswali, vibandiko vinne vilikuwa vimejikunja na kuanguka, gundi imeyeyuka. Nikachukua supaglu nikavirudisha. Kisha nikahesabu, maana mimi ni mtu wa kuhesabu: vibandiko hamsini na vinne, rangi sita, kila rangi tisa. Hesabu ilikuwa sawa.

Tangu siku hiyo sikumaliza tena safu ya katikati. Vipande vitatu vya ukingoni vinakaa, cha nne kinakataa. Nikirekebisha, kinakataa. Nikianza upya, kinakataa palepale. Wiki nzima. Ifrah anasema, "Unakosea, Ayeeyo." Nikahesabu tena rangi. Tisa, tisa, tisa.

Nitakiri hapa kitu ambacho sijamwambia mtu. Jumanne nilikaa nyuma ya beseni nikafikiri: labda Abdi alikuwa sahihi. Labda kichwa changu kilikuwa cha darasa la sita, na hawakunionea. Hilo liliniuma kuliko mbuzi wote niliowachunga.

Jumatano alasiri, Hooyo alikuwa amekaa mlangoni pangu. Mama yangu ana miaka kama sabini na minane, kwa kukadiria, kwa sababu hakuna aliyeandika. Alinyoosha mkono nikampa mchemraba ili niuze jagi. Niliporudi alikuwa bado anaugeuza polepole, haujaribu, anautazama tu.

Hooyo hahesabu. Kwa watu wake mfugo hai hauhesabiwi kwa kidole wala kwa sauti, huko ni kuita husuda. Nilipokuwa mdogo, jioni mbuzi wakiingia zizini, alisimama langoni akawatazama mara moja. Kama kuna aliyekosekana, alimtaja kwa rangi yake na rangi ya mama yake. Hakuwahi kukosea.

"Hawa ni mapacha," akasema, kidole juu ya vipande vya ukingoni, vile vya rangi mbilimbili.

Nikamwambia huo ni mchezo, hauna mapacha.

"Mimi nina macho. Huyu ana nyekundu na kijani. Na huyu pia, nyekundu na kijani. Halafu huyu na huyu, wote manjano na machungwa. Wengine wote kila mmoja yuko peke yake. Hawa umewatoa zizi la nani?"

Nikaunyakua. Ni kweli. Ile nyekundu na ile ya machungwa zilikuwa zimepauka kwa jua, nikazibandika moja mahali pa nyingine. Kila rangi ilibaki tisa, kwa hiyo hesabu yangu isingeniambia kitu hata nihesabu mwaka mzima. Nilikuwa nahangaika na mchemraba ambao haungeweza kumalizika.

Viwili hivyo nilivijua kwa supaglu iliyokauka pembeni. Nikavibandua kwa wembe, nikavibadilisha. Siku hiyohiyo, kabla ya magharibi, niliumaliza. Dakika kumi na moja. Alhamisi, dakika nane.

Jana, baada ya wali, Abdi aliuvuruga mwenyewe kwa muda mrefu, kwa makusudi. Nikaumaliza kwa dakika saba na nusu. Abdi aliuchukua, akautazama kila upande kama anasahihisha mtihani.

"Sema," nikamwambia.

Nitampa haki yake, hakuzungukazunguka. Alimgeukia Hooyo akasema, "Hooyo, ile nafasi ya shule ilikuwa ya abaayo." Ya dada.

Hooyo aliendelea na chai yake.

"Ilikuwa yake, ndiyo. Nani hakujua?" Akanywa kidogo. "Wewe nilikupa mbuzi ukarudi na nusu. Na nusu yenyewe, wengine walikuwa wa jirani. Ningekuweka wapi wewe? Shule ndiko kulikuwa na kivuli na mwalimu wa kukuchunga. Huyu hakupoteza hata mmoja. Ningempeleka shule, mngekula nini?"

Ifrah alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Abdi alikuwa mwalimu miaka thelathini. Nilimwangalia usoni na sikuona mtu aliyeshindwa dau. Niliona mtu aliyeambiwa, akiwa na miaka hamsini na tano, kwa nini alipelekwa shule.

Na mimi? Siku zote nilifikiri nilitolewa kwa sababu nilionekana sifai. Kumbe nilitolewa kwa sababu nilifaa. Nimelipima jambo hilo pande zote mbili. Miaka iliyopotea ni ileile, haikupungua hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba sina tena mtu wa kumnyooshea kidole. Abdi hakuiba kitu. Hooyo alikuwa na watoto wa kulisha na akatumia mkono uliokuwepo. Ningekuwa mimi, ningefanya vilevile. Hilo ndilo lisilonipa raha.

Abdi hakuondoka mapema. Alikaa na mchemraba mpaka alasiri, miwani puani, akahangaika na ule msalaba mweupe wa hatua ya kwanza, ambao Ifrah anaumaliza bila kutazama. Mara ya tatu nikamwonyesha anapokosea. Hakubisha. Akaniuliza, kwa Kisomali, "Kwa nini kulia kwanza?"

Nikamwambia azungushe tu.

Ushindi ni wangu na nimeuchukua. Ila hasira ya miaka thelathini na tisa bado ninayo, nzima, na haina tena anwani. Sijui mtu huiweka wapi. Kesho duka linafunguliwa saa moja.