Simu Imenigeuza Mkono, Mama Asha

Mama Asha, mwalimu wangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Hali yako huko? Najua si mimi wa kukuuliza hivyo tena, lakini mkono umezoea, barua huanza kwa kuulizia afya. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Tangu ututoke, darasa lako la kazi za hoteli halikufungwa. Mwanao Asha alinikabidhi ufunguo, akasema, "Mama mdogo, usipofundisha wewe, nani?" Ila limebadilika. Wasichana wa Kang'ata nauli ya kuja Korogwe kila siku iliwashinda, basi Asha akaleta njia ya simu. Najirekodi nikitandika kitanda, nikipanga meza, nikimpa mgeni chai, nao wanatazama huko kwao. Jumamosi ndiyo tunaonana, kwa kufua na kupiga pasi tu. Mwanzoni niliona haya kuisemesha simu iliyoegemea chupa ya chai. Nikazoea.

Jumamosi iliyopita tuliwapeleka Mkata, kwenye hoteli moja pale yanaposimama mabasi. Mwenye hoteli alikubali kuwajaribu, atakayefaa abaki na kazi. Zaituni, yule uliyemwandikisha mwenyewe, akatangulia. Akamwendea mzee mmoja mwenye kanzu, akapiga goti vizuri, akampa kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ni woga. Wa pili naye kushoto. Wa tatu vilevile. Mzee hakupokea. Akauliza taratibu, "Hawa walilelewa na nani?"

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamvuta Zaituni jikoni, nikamuuliza kama kwao hawajui mkono wa kumpa mtu kitu. Akainama.

"Nyumbani ni kulia, mwalimu. Lakini kwenye simu tulikuona wewe mwenyewe unatoa kwa kushoto. Tukasema labda hotelini ndivyo."

Asha akaifungua ile video. Kweli. Simu imenigeuza kama kioo, kulia kwangu kumekuwa kushoto. Watoto wameweka pembeni adabu ya mama zao kwa kuniamini mimi. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ile aibu.

Sasa naelewa kwa nini hukusimama mbele yetu hata siku moja. Ulisimama ubavuni, umenishika kiwiko, mkono wako unanukia kitunguu, unasema, "Tazama ninakotazama." Na siku ile nilipomwaga chai kwenye shuka, ulicheka mpaka ukakaa: "Mgeni hajafika, umeshamwogesha." Simu haina ubavu, Mama.

Mwenye hoteli ametuongezea Jumamosi moja tu. Asha anasema turekodi upya, itatosha. Lakini Zaituni hapokei simu zangu. Mama yake amelisikia lile neno la mzee, amesema binti yake harudi tena. Ana haki. Neno lile lilimwendea yeye, na kosa ni langu.

Basi kesho nikishaswali alfajiri napanda gari la Kang'ata. Nakuahidi, wakinikubalia, nitawafundisha palepale uani kwao, na nitasimama ubavuni, kama wewe.

Pumzika, mwalimu wangu. Ila ukijaliwa ruhusa, nijibu mapema, hata kwa ndoto, kabla gari halijaondoka: nikifika, nimwombe radhi nani kwanza, mama au mtoto?

Mwanafunzi wako,
Mwajuma