Kimo cha Meza ya Samaki Dirishani

Rumonge,
Tarehe 9 Februari 1998

Mpendwa Mjomba Amissi,

Assalam alaikum, na shikamoo yangu ikufikie huko Ujiji kabla ya neno jingine lolote. Habari za afya yako? Kifua kimepoa, au vumbi la huko bado linakukohoza? Na mkeo Aziza, miguu imeacha kumvimba? Sisi hapa tu wazima, ingawa uzima wenyewe umechoka. Bibi, mama yako, anakula, anasali na kugombana nami kila siku. Kwa hiyo usiwe na hofu juu yake.

Nina jambo zito kuhusu nyumba yako. Nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Tangu ulipokimbia vita, kuna watu wanaopita mitaani kuandika nyumba zisizo na wenyewe, ili wapewe wengine. Bibi, kwa hofu, alifunga madirisha ya mbele akahamia chumba cha nyuma. Akapika uani, akalala uani, na kutoka barabarani nyumba yako ikaonekana maiti. Niliporudi kutoka Bujumbura mwezi wa Desemba, masomo yakiwa yamesimama, nilikuta duara la chaki mlangoni. Majirani walinieleza maana yake: hamna mtu humu, safari ijayo tunakuja na wa kuingia.

Nilifanya lile ninalolijua. Niliwafuata watu wale, nikawahutubia juu ya haki, juu ya sheria, juu ya mzee asiyeweza kufutwa kwa chaki. Walinisikiliza kama watu waliojibanza barazani wakisubiri mvua ikatike. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mademozeli, umemaliza?" Mjomba, nimewahi kurushiwa mawe kwa sababu ya maneno yangu, lakini sijawahi kuvunjika moyo kama siku ile.

Ndipo nilipolikumbuka sanduku lako la vioo, lile ulilokuwa ukihifadhia samaki wa mapambo enzi zako za kuzamia, kabla ziwa halijapigwa marufuku. Nikamwambia Bibi: pazia laweza kuning'inia katika nyumba iliyohamwa, na kiti kikakaa peke yake mwaka mzima, lakini samaki aliye hai lazima alishwe na mtu. Tuwaweke dirishani. Bibi alicheka, kisha akachukua chandarua kilichochanika akaenda majabalini asubuhi, akarudi na samaki saba wadogo, wale wa milia wakaao kwenye mawe.

Meza yako ya zamani tuliipasua kuni wakati wa mvua, utusamehe. Nilimwita jirani yako Modeste, seremala, naye akaleta mbao za mtumbwi wake, ambao siku hizi hauna kazi. Akaniuliza kimo. Dirisha linaanzia sentimita tisini kutoka sakafuni. Nikamwagiza tisini na tano, ili sanduku zima lionekane, ili mpita njia yeyote asipate kisingizio cha kutoliona. Nilisema hivyo kwa sauti, kama niko mbele ya wanafunzi mia tano.

Modeste akachomeka penseli sikioni. "Maji ya sanduku hili ni debe sita, dada. Ni wanaume wawili wazima. Unataka niwasimamishe juu ya miguu ya korongo?"

"Simamisha," nikamjibu.

Akasimamisha. Tulipofika debe la nne meza ikaanza kuyumba, na Modeste akaikumbatia kama mlevi aliyekumbatia mti. Bibi naye alikuwa amebeba ndoo ya tano. Alijaribu kuinyanyua hadi mdomo wa sanduku, ambao ulimfikia utosini, maji yakamrudia yote kifuani.

"Ewe mwanafunzi wa sheria," akaniambia akidondoka maji, "ukisharudi Bujumbura, hii ndoo itapandishwa na nani? Katiba?"

Alisema kweli, Mjomba. Nilikuwa nimepima kimo kwa mabega yangu mimi, niliyekusudia kuondoka, wala sikumpima yeye aliyekuwa abaki. Nimekesha mikutanoni nikiwatetea wabebao mizigo, na mizigo ya nyumbani sikuwahi kuuliza inapandishwa na nani.

Modeste alikata miguu ikawa sentimita sitini. Meza ikatulia imara, Bibi akamimina bila taabu. Lakini nilipotoka kwenda kutazama kutoka barabarani, niliona ukanda mwembamba wa maji matupu. Samaki wale hawapandi juu. Hushikamana na mawe chini. Ilibidi Modeste aunge miguu upya kwa vipande, huku akininung'unikia. Tukakubaliana sabini na tano: mdomo wa sanduku ukamfikia Bibi mabegani, na theluthi mbili za kioo zikaonekana nje. Bibi akapanga mawe ndani hadi karibu na juu, na samaki wakayafuata.

Jumatano wakaja. Nilikuwa nikimenya mihogo nikawaona: wanaume wawili wenye daftari, na nyuma yao mama mmoja kutoka milimani, amejitwika godoro, na mama mkwe wake mgonjwa akimwegemea. Hao ndio waliokuwa waingie kwako. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuwachoma wezi, na nikaletewa watu waliochomewa nyumba.

Yule mama alisimama mbele ya dirisha. Alitazama samaki kwa muda, akamwona na Bibi akiwatupia dagaa waliosagwa. Akawageukia wale wanaume: "Humu iko mutu." Mmoja akamwambia aingie tu, watapanga baadaye. Akakataa. "Nami nilikuwa na nyumba," akasema, akageuza godoro lake. Bibi alimfuata na mihogo yangu yote. Tangu siku hiyo yeye na mama mkwe wake wanalala kwa Modeste, na mimi sina raha ninapokutana na mama yule kisimani.

Sasa ndilo jambo lenyewe. Duara lilifutwa, lakini wale wanaume walitaka jina la mkaazi mwenye kitambulisho, na cha Bibi kiliungua. Wakaliandika langu. Nyumba yako, Mjomba, imeandikwa kwa jina langu. Wamesema watapita siku yoyote, bila kubisha hodi mara mbili, na wakinikosa wataiandika upya.

Nakuletea pamoja na barua hii karatasi yenye alama ya dole gumba la Bibi na sahihi ya Modeste, inayosema nyumba ni yako na mimi ni mlinzi tu. Itunze vizuri. Ukisikia maneno mengine kuhusu mimi, itazame hiyo kwanza.

Masomo yanaanza tena tarehe ishirini na tatu. Sitakwenda. Usinijibu kwa kunisihi. Nimechoka kubishana, hata na wanipendao. Niandikie tu, wewe unayewajua, samaki hawa wanahitaji chakula gani zaidi ya dagaa, na maji yabadilishwe kila baada ya siku ngapi.

Barua inaletwa na Sabine, mchuuzi wa Kabonga, umpe chai. Msalimie Aziza, na mzee Rachid wa msikitini, na wote wa Rumonge mlio huko. Bibi anakuombea Mungu akulaze salama na akuamshe salama, na mimi naitikia amina.

Mpwa wako akupendaye, aliye nyumbani kwako,
Nafisa