Kuni za Matanga Yako

Mama,

Nina jambo la kukuomba, na kwa nilivyokutenda sina uso wa kuomba. Kwa hiyo nitaanza na habari za nyumbani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukija kwangu kuazima chumvi. Utauliza watoto, utauliza kuku, utauliza hata mbwa, na chumvi itakuja mwisho kabisa.

Mwanao Zabroni ni mzima. Anakohoa asubuhi na tumbaku hataki kuiacha. Mjukuu wako Tabu ameng'oka meno ya mbele, na kila akiona mama mwenye kitambaa cha njano kichwani anamkimbilia, akidhani ni wewe. Mihogo ipo. Maharage yalikauka yakiwa bado na maua, maana mvua ya msimu uliopita ilianza kwa fujo ikaondoka mapema, na ya msimu huu bado tunaitazama tu kwenye milima ya upande wa Burundi.

Chemchemi yako inakauka, Mama.

Basi, nimeshasema. Unakumbuka siku yangu ya kwanza kuteremka pale? Bibi harusi mpya, nimebeba sufuria nyeusi tii kwa masizi. Ulininyang'anya mbele ya wanawake wote. "Chombo chenye masizi hakigusi maji haya," ulisema. "Na mikuyu hii haivunjwi hata kijiti cha kuchokolea meno." Nilinuna. Nilidhani unanionea kwa sababu nimetoka Buhigwe. Baadaye nikazoea kukaa nawe kwenye kile kivuli, miguu majini, tukiwasema watu hadi madumu yetu yanafurika.

Ulipokuwa kitandani, neno lako la mwisho kwangu halikuhusu nyumba wala mwanao. Ulisema, "Mikuyu." Nami nikaitika, "Nimesikia, Mama."

Ukafa, na watu wakaja. Walitoka Heru Juu, walitoka Kasulu mjini, wengine walitembea kutoka njia ya Kibondo. Hukuniambia kwamba unajulikana hivyo! Na mlimani hakukuwa na kuni. Wakimbizi wa Burundi wa ile kambi ya jirani walikuwa wamepikia walichopata, na sisi wenyewe tulikuwa tumewauzia mkaa na nguzo kambini bila kufikiria kesho. Jiko la matanga lilikuwa langu, mimi mkaza mwana. Maharage yalikuwa ya zamani, yale yanayochemka mchana kutwa na bado yanagonga kwenye mwiko. Jua linazama, wazee wanatazama jikoni. Nikaona aibu. Nikawaza, watasema mkwe wake amewalaza na njaa. Nikamwambia shemeji yangu achukue shoka. Sikumwambia aende wapi. Alijua.

Alianza na matawi. Kabla hatujaanua matanga, hakukuwa na mkuyu hata mmoja uliosimama pale.

Mti mbichi ule unatoa moshi, Mama, sijapata kuona. Watu walitokwa machozi, na hakuna aliyejua nani analia kwa msiba na nani kwa moshi. Wakala, wakashiba, wakanisifu. Tulikulilia kwa moto wa miti yako, na mimi nilifurahi kusifiwa.

Kisha nikataka kuifuta ile aibu upesi, nikapanda mikaratusi pale pale. Ilirefuka haraka, imenyooka, kila nikiitazama najiona nimefanya kazi. Sikuuliza mtu inakunywa kiasi gani. Sasa pale tulipokuwa tunaloweka miguu tunachota kwa kikombe, tope kidogo, maji kidogo, na wanawake wanapanga foleni tangu alfajiri.

Na unajua nani amelaumiwa? Konsolata. Yule mama wa kambini aliyekuwa akilima nasi, aliyekuchotea maji ulipougua, na yale ya kukuoshea mwisho. Siku moja wakamtoa kwenye foleni. "Ninyi ndio mmeimaliza chemchemi yetu! Rudini mkanywe ya mabomba huko kambini!" Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo yangu. Nikakaa kimya. "Nta kibazo," alisema, hakuna shida, akanipita na dumu lake tupu bila kuniangalia. Lile dumu tupu naliota, Mama. Linagongagonga kwenye goti lake.

Waliporudia kumsema, yeye hayupo, nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia, "Maharage ya matanga tulikula wote." Basi. Walinikasirikia, wakasema nawatia aibu. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayemtaja Konsolata pale. Nilikwenda kambini kumwomba msamaha. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, akanikaribisha kiti, hakusema amenisamehe. Ni haki yake.

Mikaratusi nimeing'oa na Zabroni, mizizi na yote, mikono ikatoka malengelenge. Hilo peke yake halitoshi. Pale panahitaji mikuyu, na mikuyu huku kwetu imekwisha.

Imebaki kwako tu. Ndilo ombi langu hilo. Zile nguzo mbichi za mikuyu yako zilizokataa kuwaka, shemeji alizizungushia kaburi lako ili mbuzi wasikukanyage. Zimechipua, Mama. Zina majani mapana, zina kivuli, ndege wameanza kulala humo. Nataka kukata fito kwako nizipande kwenye chemchemi kabla mvua haijashika.

Zabroni anasema kaburi halikatwi, nitaita msiba mwingine nyumbani. Naogopa, sikufichi. Namtazama Tabu na mapengo yake nazidi kuogopa. Lakini nikiiacha ile chemchemi ife, huyo Tabu atakunywa nini? Mara ya kwanza nilikata bila kukuuliza. Safari hii nakuuliza, na kwa kuwa huwezi kujibu, nimeamua kulibeba mwenyewe. Likitokea baya, liwe langu, lisiwe la mtoto.

Konsolata amesema atakuja kunishikia fito nikifukia. Sikumwita. Alisikia, akatuma salamu kwamba anakuja kwa ajili yako, si yangu.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi nitamwagilia kila ufito kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mtoni hadi ushike, hata kama nitazeeka nikipanda kile kilima. Maji yakirudi, Konsolata atachota kwanza. Usiwe na haraka ya kunisamehe.

Kesho asubuhi nitapita kwako na panga, halafu nitateremka. Sufuria nitaiacha nyumbani.

Mkaza mwanao,
Leokadia