Klipu Ilikuwa Yangu

Mama Awuor,

Usifungue radieta injini ikiwa moto. Ile paipu ya maji inayoingia kwa turbo nimeirudisha, haivuji tena. Jerikeni ya maji iko kwa buti ni ya gari, watoto wasiiguse.

Asubuhi nilimfokea Ooko mbele ya watoto, eti ndugu yako hajui kukaza klipu za hiyo paipu. Akatoka kwa miguu kuelekea Free Area, na huko vijana wamefunga barabara wakiuliza watu majina wajue kabila. Nilipofungua boneti nikakuta iliyolegea ni ile nilikaza mimi.

Naenda kumtafuta. ~~Mningoje.~~ Ikifika saa nane washa gari, mwende Rongai kwa dada yako. Ooko akirudi kabla yangu, mwambie haikuwa yeye, umpe kiti changu.

Baba Awuor